Nilivyochagua hurdy-gurdy yangu ya kwanza, na landhi nzima ikataka kuipaka grisi

Wakuu wa Daftari, hamjambo nyote.

Zamu yangu imefika na safari hii siandiki mistari mitatu halafu nipitishe. Mnanijua. Kwa mdomo mimi sina kitu, lakini nikishika kalamu ni mtu mwingine. Haya yote ni kweli tupu, nimeyatoa kwa diary yangu, isipokuwa pale nilipoandika nikiwa na hasira, hapo nimepunguza.

Kama Kiprono amempa binamu yake daftari hili tena bila ruhusa, basi binamu, karibu. Sisi ni saba hapa Nakuru tunaopenda muziki. Daftari linazunguka. Mmoja anaandika yaliyompata, wengine wanajibu chini. Ukisoma usile mandazi juu yake.

Nianze.

Nyuma ya yadi ya mbao kuna fundi Mwitaliano anaitwa Renzo. Alikuja nchi hii akiwa mfungwa wa vita, akavunja mawe kwa barabara ya kuteremka bondeni, akaachiliwa, akabaki. Anatengeneza madirisha na meza za masetla. Mimi huenda kwake kila likizo kuokota maranda ya mbao, kwa sababu Mama anapikia jiko la maranda.

Siku moja Disemba nikiwa nimeinama na gunia langu nikasikia sauti.

Wakuu, nilidhani ni shiriri ya Guga.

Guga ni babu yangu, baba ya Baba, aliyekaa kwetu Maragoli. Alipiga shiriri, ule uzi mmoja na upinde, na kulikuwa na wimbo wake wa kuita ng'ombe jioni. Alikufa mwaka juzi. Shiriri yake ilivunjika shingo ikitolewa nyumbani na hakuna aliyeitengeneza. Ule wimbo ninaujua wote, kutoka kichwa hadi mkia. Lakini siwezi kuuimba. Shuleni mwalimu wa kwaya alinisimamisha mbele ya Form One nzima, akanipa noti, mdomo ukakataa kufunguka. Aliandika kwa orodha yake: Minayo, atashika vitabu.

Tangu siku hiyo nashika vitabu.

Kwa hivyo niliposikia kile kitu kwa fundi kikilia wimbo mrefu bila kupumua, na sauti nyingine chini yake ikivuma kama nyuki ndani ya mzinga, niliacha gunia langu chini.

Kinaitwa hurdy-gurdy. Fundi anakiita ghironda. Ni chombo cha nyuzi lakini hakina upinde. Ndani kuna gurudumu la mbao. Mkono wa kulia unazungusha hendeli, gurudumu linasugua nyuzi, zinalia. Mkono wa kushoto unabonyeza vijiti, kila kijiti noti yake. Nyuzi zingine hazibonyezwi kabisa, zinavuma tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi anasema kwao ni chombo cha zamani sana, cha enzi za wafalme na makasri. Wachungaji walikipiga, vipofu walikipiga, hata kanisani kilipigwa.

Alikuwa ametengeneza viwili, kwa mbao za hapa hapa, kwa sababu ya kukumbuka nyumbani. Na sasa alikuwa anarudi kwao. Treni ya Mombasa ilikuwa Jumapili, halafu meli.

Akaniangalia nimesimama pale kama nguzo.

"Wewe nataka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi hapana beba mbili. Wewe nabeba zote sasa, Jumatano. Jumamosi saa sita wewe narudi. Ile moja wewe naweza piga wimbo moja, wimbo mzima, hiyo yako. Kama hapana weza, zote naingia kwa sanduku, nakwenda Italia. Nasikia?"

Nilisikia. Wimbo mmoja mzima. Mbele yake, na mbele ya vijana wa yadi ambao wanacheka hata mbwa akipiga chafya.

Basi nikaenda nyumbani na vyombo viwili na gunia la maranda, na hapo taabu ikaanza.

Niwaelezee viwili hivyo ili mkinihukumu mnihukumu kwa haki.

Kikubwa kilikuwa na tumbo la mviringo kama nusu ya kibuyu, mbao nyekundu iliyong'arishwa mpaka unajiona. Nyuzi sita. Vijiti vya mfupa mweupe. Kichwani amechongwa mwanamke na nywele zake. Na kulikuwa na kidaraja kidogo kilicholegea chini ya uzi mmoja, fundi anakiita mbwa. Ukizungusha kwa nguvu ghafla, mbwa anabweka na kukupa mdundo. First class.

Kidogo kilikuwa sanduku. Sanduku tu, la mbao ya mtarakwa, na kifuniko cha kuinua. Nyuzi tatu. Vijiti vya mbao vya kawaida. Ukikiona mezani unatafuta misumari ndani yake.

Sisi tunakaa nyumba za reli, landhi, mahali ambapo ukikohoa jirani anakwambia pole kupitia ukutani. Kufikia jioni ya Jumatano kila mtu alikuwa na maoni.

Mama Odera wa mlango wa pili alisimama na sufuria yake mkononi akaniangalia nikizungusha.

"Minayo, hiyo mashini yako inasaga nini? Mbona hatuoni unga?"

Mwinjilisti wetu alipita, akainama kwa kile kikubwa, akamchunguza yule mwanamke wa kuchongwa. "Huyu ni nani? Ni Maria, ama ni mke wa fundi?" Nikasema sijui. Akasema kama sijui basi nisimlete kanisani mpaka ajulikane.

Kiprono, na wewe unajua ulichosema. Ulisema nichukue kikubwa kwa sababu kidogo ni sanduku la kubebea vifaranga. Nimekuandika.

Mama peke yake hakusema juu ya uzuri. Alisema, "Yote mawili yanalia kama nguruwe amekanyagwa. Lakini leo ni Jumatano tu, bado una siku."

Wote, wakuu, wote walitaka kikubwa. Na mimi pia. Sitaki kudanganya. Nilikuwa nimeshamchagua yule mwanamke na nywele zake kabla sijapiga noti hata moja.

Sasa hapa ndipo ningependa mtu angeniambia mapema, kwa hivyo ninawaambia ninyi.

Hakuna aliyenifundisha habari ya pamba. Kila uzi, pale unapogusana na gurudumu, lazima uzungushiwe pamba kidogo. Ikizidi, uzi unanong'ona kama mtu mwenye mafua. Ikipungua, unapasua masikio. Ni kipande cha pamba kama bawa la nzi. Unaweka, unajaribu, unatoa, unaweka. Kikubwa kina nyuzi sita. Ukimaliza wa sita, wa kwanza umeshabadilika.

Na tuning. Jua likipiga bati la landhi saa nane, nyuzi zote sita zinakwenda kila mmoja njia yake kama watoto wakitoka Sunday school.

Na mbwa. Mbwa alibweka nilipotaka anyamaze, na nilipotaka abweke akalala. Alhamisi nzima nilikuwa nikigombana na mbwa wa mbao.

Lakini kilichonikera zaidi ni hiki. Wimbo wa Guga una noti moja ambayo haipo kwa kinanda cha kanisa. Iko katikati ya noti mbili, Guga aliipata kwa kidole tu. Kwa kikubwa haikupatikana. Ndani ya kila kijiti kuna kijibendera cha mbao kinachogusa uzi, na kwa kikubwa vijibendera vimebandikwa kwa gundi vizuri sana, kizungu kabisa. Kila nikifika noti hiyo, ng'ombe wa Guga wanageuka na kuimba wimbo wa Krismasi.

Niliandika kwa diary Alhamisi: Nimechoka. Mrembo huyu hasikii.

Kile kidogo nilikuwa nimekipiga kidogo tu, kwa huruma.

Ijumaa asubuhi nikafanya mazoezi kwa kikubwa tangu chai mpaka Mama aliponituma sokoni kununua viazi vya Kuresoi, na foleni ilikuwa ndefu, na mwenye viazi alikuwa anasimulia habari za mazishi. Nikarudi saa kumi.

Hapa inabidi niwaambie juu ya Baba.

Baba ni greaser wa reli. Behewa likiingia stesheni yeye anapita na kopo lake na kitambaa chake, anagusa kila ekseli kwa nyuma ya mkono kama mtu anapima homa ya mtoto. Gurudumu likilia yeye halali. Anasema gurudumu linalolia ni gurudumu linaloungua, na treni ikisimama pale mlima wa Sachangwan kwa sababu ya ekseli, watu wote wanauliza ni greaser gani alikuwa kazini. Haijawahi kuwa yeye. Hata wilbaro ya jirani ikilia anatoka na kopo. Kwetu mlango haulii. Kwetu hata cherehani ya Mama huwezi kujua kama inashona.

Na alikuwa ametoka shifti, amefika nyumbani, amekuta watu wa landhi wamekaa nje. Mama Odera alinisimulia baadaye. Mmoja alimwambia, "Mzee, siku tatu gurudumu linalia nyumbani kwa greaser. Sisi tufikirie nini?"

Nilipoingia alikuwa amekaa mezani, ameshanawa mikono, ametulia. Alikuwa anatabasamu. Baba hatabasamu ovyo.

"Nimekutengenezea," akasema. "Yote mawili. Sasa hayana kelele."

Nikashika hendeli ya kikubwa. Nikazungusha.

Wakuu, kweli hakikuwa na kelele. Hakikuwa na kitu chochote. Gurudumu lilizunguka laini kama siagi na nyuzi sita zikakaa juu yake kimya kama watu wanaosubiri kuitwa kliniki. Nikafungua kile kidogo. Kimya. Grisi nyeusi ya reli, ile nzito ya ekseli, imepakwa gurudumu lote kwa uangalifu, hakuna mahali palipokosa. Pamba yote imeinywa.

Sijawahi kumpandishia baba yangu sauti. Sijawahi kumpandishia mtu yeyote sauti, ninyi ni mashahidi. Lakini siku hiyo ilitoka.

"Baba, umekiua. Lazima kilie. Kazi yake ni kulia."

"Hakuna gurudumu kazi yake ni kulia."

"Hili si gurudumu, Baba. Huu ni upinde. Ni upinde wa Guga, umekunjwa tu ukawa duara."

Mama alisimama jikoni na mwiko. Ukutani upande wa Mama Odera nikasikia kiti kikisogezwa karibu.

Baba akaangalia gurudumu. Akaweka kidole juu yake, akakitazama kile kidole kilivyong'aa. Kisha akachukua kofia yake akatoka, na mimi nikalia kwa hasira, na nikaandika kwa diary yale mambo ambayo nimesema nimepunguza.

Alirudi jua likishuka. Kofia ilikuwa imejaa vipande vya utomvu mkavu, ule wa miti ya saipresi iliyopandwa kando ya uzio wa stesheni.

"Mzee alikuwa anapaka huu kwa upinde," akasema. "Anauyeyusha kwa kifuniko cha kopo. Mimi ndiye nilikuwa natumwa kuutafuta. Nilikuwa nimesahau."

Hakuomba radhi. Kwetu hivyo ndivyo kuomba radhi kunavyofanana.

Tulikuwa na spiriti ya kuwashia primus, chupa moja, chini ya nusu. Ndiyo peke yake inayotoa grisi. Baba akaipima kwa jicho.

"Inatosha kimoja. Chagua."

Hapo ndipo nilipochagua, wakuu, si kwa fundi. Mezani, na harufu ya grisi.

Nilimwangalia yule mwanamke wa kuchongwa. Grisi ilikuwa imeteremka mpaka kwa mbwa, imeingia chini ya vijiti vya mfupa mahali ambapo kidole hakifiki. Nyuzi sita, pamba sita, na gundi ya kizungu. Saa sita ya kesho ingenikuta kwa uzi wa tatu.

Nikainua kifuniko cha sanduku la vifaranga. Gurudumu liko wazi, unalifikia kwa mkono mzima. Nyuzi tatu. Na nilipogusa kijibendera kimoja, kikageuka. Hakijabandikwa. Unakisogeza kwa kucha, noti inapanda kidogo au inashuka kidogo.

Nikasema, "Hiki."

Tulianza kukisafisha usiku haujaingia na tukamaliza Jumamosi asubuhi. Baba alishika kitambaa na spiriti, nami nikazungusha polepole, mpaka mbao ikarudi rangi yake. Alisugua kama anavyosugua ekseli, isipokuwa safari hii alikuwa anatoa. Mama akatupa pamba safi aliyokuwa amemwekea mtoto wa dada yake. Utomvu tuliuyeyusha kwa kifuniko cha kopo la Kimbo, tukaupoza, tukaupaka. Nikasogeza kile kijibendera kwa kucha, nikajaribu, nikasogeza tena, mpaka noti ya Guga ikakaa mahali pake. Baba alikuwa amenipa mgongo, anafunga kamba za viatu. Akaacha kufunga.

Saa sita kasoro tulikuwa yadi. Nilibeba kidogo, Baba akabeba kikubwa, bado amevaa ovaroli na kopo lake la grisi mfukoni kwa sababu alikuwa na shifti ya saa nane.

Nilimwambia fundi ukweli. Nilimwambia kwa sauti ndogo sana na ikabidi niseme mara mbili. Akakinusa kikubwa. Akafumba macho.

"Grisi ya treni," akasema. "Mimi napita vita, napita jela, natengeneza hii miaka mbili. Grisi ya treni."

Baba akavua kofia. "Ni mimi, fundi. Si mtoto."

Fundi akaiangalia ovaroli yake, akaangalia lile kopo, akavuta pumzi ndefu. "Kwa meli mimi nakaa wiki tatu bila kazi. Nasafisha. Sawa. Sasa wewe. Wimbo."

Vijana wa yadi walikuwa wameshazima msumeno wapate kutazama. Nilikaa juu ya gogo. Nikakipakata chombo.

Nikazungusha.

Mwanzo kililia vibaya. Utomvu ulikuwa mpya na mwingi, gurudumu likapiga kelele kali, ile ile ya wilbaro kavu. Vijana wakaangua kicheko. Mmoja, mrefu wa kofia ya gunia, akaita, "Mzee, si wewe ni greaser? Saidia mtoto, hiyo gurudumu inataka grisi."

Nilimwona Baba kwa pembe ya jicho. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. Miaka yote hiyo, mkono unakwenda wenyewe.

Akautoa mtupu.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo wacha ilie."

Nikaendelea kuzungusha. Kelele ikalainika, nyuzi za kuvuma zikashikana, na nikaingia kwa wimbo. Nilikosea mara mbili. Ile noti sikuikosa. Ng'ombe wote walirudi nyumbani, hata yule wa mwisho ambaye Guga alimwita peke yake. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, vijana waliwasha msumeno tu. Fundi alikuja, akagusa pamba ya uzi wa kati kwa kidole gumba, akaipunguza kiasi cha unywele mmoja, akasema, "Sasa," akaenda kupigilia sanduku lake misumari.

Aliondoka Jumapili. Kidogo kiko hapa, juu ya kabati, mbali na Baba.

Nilichojifunza, kwa yeyote kati yenu atakayenunua au kupewa hurdy-gurdy ya kwanza, iwe ya nyimbo za zamani za Ulaya au za kwenu kijijini. Usichague kichwa kilichochongwa. Usihesabu nyuzi ukadhani wingi ni wema, kila uzi ni pamba yake na ni kero yake. Angalia kama gurudumu unaweza kulifikia. Angalia kama noti unaweza kuisogeza mpaka ifike kwenu. Chukua kile unachoweza kukirudishia uhai mwenyewe siku mtu anayekupenda atakapokitengeneza.

Na usiende sokoni ukakiacha mezani.

Shule inafunguliwa wiki ijayo. Nitakwenda nacho. Mwalimu wa kwaya atatafuta mtu mwingine wa kushika vitabu.

Haya, kurasa mbili chini nimeziacha wazi. Andikeni kwa penseli. Mwenye kujua pamba nzuri inapatikana wapi aseme, mwenye wimbo wa babu yake aandike noti zake nijaribu. Mwinjilisti akilipata daftari hili, yule mwanamke ameshapanda meli, awe na amani.

Lakini atakayeandika neno grisi, ukurasa wake nitauchana. Kiprono, nakuangalia.